Kijiwe cha waifai ya bure: jamaa wa kwenye gari na kesi zilizomfuata

Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Sparta, jimbo la Michigan huko Marekani, kulikuwa na jamaa mwenye mazoea yake. Mchana, muda wa mapumziko ya chakula, anapaki gari karibu na mgahawa, anafungua laptopu, anasoma barua pepe zake kupitia waifai ya mgahawa, kisha anaondoka zake. Haingii ndani, hanunui hata kahawa. Waifai ilikuwa bure kwa wateja na haikuwa na neno la siri.

Siku moja polisi akamsogelea na kumuuliza anafanya nini pale. Jamaa akajibu ukweli wote, tena bila wasiwasi, maana hakuona kosa lolote. Hapo ndipo alipojiingiza kwenye msala. Polisi mwenyewe hakujua papo hapo ni sheria gani imevunjwa, ikabidi aende kutafuta. Akaipata: sheria ya jimbo ya mwaka 1979 ya kuingilia kompyuta za watu bila ruhusa, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2000. Mwaka 1979! Enzi hizo nani alikuwa na waifai? Sheria ilitungwa kwa ajili ya wezi na wahuni wa kompyuta za makampuni, lakini maneno yake yalikuwa mapana kiasi cha kumnasa hata mtu anayesoma barua pepe ndani ya gari lake.

Adhabu iliyokuwa inamsubiri si ya kitoto: kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 10,000. Na mwenye mgahawa? Wala hakulalamika, hata yeye hakujua kuwa ni kosa. Mwisho wa siku jamaa alikubali kulipa dola 400 na kufanya kazi za kijamii saa 40, ili yaishe bila kuchafua rekodi yake. Kahawa moja tu ingemwepusha na yote hayo.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 2005 jijini London, mtu mmoja alikutwa na laptopu mtaani Ealing akitumia intaneti ya nyumba ya watu. Mahakama ikampiga faini ya pauni 500, na laptopu ikachukuliwa. Kule Singapore, kijana wa miaka 17 alishtakiwa kwa kutumia waifai ya jirani. Mwaka 2007 akapewa uangalizi wa miezi 18 na saa 80 za kazi za kijamii. Huyu alikuwa na bahati, sheria ya kule iliruhusu jela hadi miaka 3.

Ugumu wa kesi hizi uko kwenye neno moja: ruhusa. Kifaa cha waifai chenyewe ndicho kinachotangaza jina lake hewani. Simu ikiomba kuunganishwa, kifaa kinakubali na kuipa anwani. Je, hiyo si hodi na karibu? Waendesha mashtaka walisema hapana, mlango kuachwa wazi haumaanishi umekaribishwa sebuleni. Watetezi wakajibu kwamba mlango haujiongelei, ila kifaa hiki kinajibu.

Ujerumani ndiko mambo yalikochanganya zaidi. Mwaka 2007 mahakama ndogo ya Wuppertal ilimtia hatiani mtu aliyetumia waifai isiyofungwa, kwa kutumia hata sheria ya kusikiliza mawasiliano ya redio yasiyokuhusu. Mwaka 2010 mzigo ukawageukia wenye vifaa: mahakama kuu ya nchi ilimshughulikia mtu ambaye intaneti yake ilitumika kusambaza muziki wakati yeye mwenyewe yuko likizo. Fidia hakudaiwa, lakini ikasemwa alipaswa kukifunga kifaa chake kwa neno la siri, hivyo gharama za barua ya onyo zingeweza kumwangukia. Matokeo yake wenye migahawa wengi wakaogopa kuwapa wateja waifai, mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 2017.

Na mwaka huohuo wa 2010, palepale Wuppertal, mahakama ya juu ya mji huo iliangalia kesi nyingine ya aina ileile na kusema kuingia kwenye waifai iliyoachwa wazi si kosa la jinai hata kidogo.