Siku Saba za Ubishi Mjini Cairo

Juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika, ile iliyoandaliwa na UNESCO, ina jambo ambalo sijaliona katika kitabu kingine cha historia cha hadhi yake. Sura ya kwanza inaeleza Wamisri wa kale walikuwa watu wa namna gani na walitoka wapi. Ukiimaliza unakutana na tanbihi fupi ya mhariri inayokuarifu, kwa adabu zote, kwamba hoja ulizotoka kuzisoma hazikukubaliwa na wataalamu wote. Kisha zinafuata kurasa za kumbukumbu za mkutano ambamo mwandishi wa sura hiyo alibishana na wenzake uso kwa uso: nani alisema nini, nani alimjibu, wapi waliafikiana, na wapi kila mtu aliondoka na lake.

Wengi wetu tulisoma historia kwa kukariri. Mwaka fulani, mfalme fulani, sababu tano za vita, mtihani. Tuliletewa chakula kilichokwisha kupakuliwa. Kurasa hizi zinatuingiza jikoni, na jikoni humo moshi ni mwingi.

Kazi yenyewe ilianzia mwaka 1964, mkutano mkuu wa UNESCO ulipoamua kwamba historia ya Afrika iandikwe upya. Mwaka mmoja nyuma yake Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alikuwa ametoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Sussex, ikarushwa na BBC, akidai kwamba historia iliyopo barani Afrika ni ya Wazungu tu, na kilichosalia ni giza. Kauli hiyo imejibiwa mara nyingi mno, sitaipotezea wino. Kilichonivutia zaidi ni namna UNESCO ilivyoamua kuifanya kazi. Haikumtafuta bingwa mmoja aandike. Iliunda kamati ya wataalamu 39, theluthi mbili wakiwa Waafrika, na kila juzuu kati ya nane ikakabidhiwa mhariri Mwafrika. Pale ambapo jambo lilikuwa na utata, wenye ujuzi nalo waliitwa wakae pamoja wabishane kwanza, kalamu zifuate baadaye. Baraza, kwa neno letu la pwani. Juzuu mbili za mwanzo zilitoka mwaka 1981. Ya nane, iliyohaririwa na Ali Mazrui wa Mombasa, ilitoka mwaka 1993. Karibu miaka 30 ya mazungumzo.

Katika kamati hiyo alikuwamo Bethwell Ogot wa Kenya, aliyekuja kuwa mwenyekiti wake tangu 1978 hadi 1983, na Isaria Kimambo wa Tanzania. Wote wawili walijenga majina yao kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza: Ogot kwa Wajaluo, kitabu chake kikitoka mwaka 1967, na Kimambo kwa Wapare, chake kikitoka 1969. Siku hizi hilo halimshangazi mtu. Zama zile, mwanafunzi wa historia aliyesema chanzo chake ni mzee wa ukoo fulani, na si barua iliyomo katika jumba la nyaraka, aliulizwa kama kweli anajua anachokifanya.

Mbelgiji Jan Vansina aliyakuta mashaka hayohayo. Alisomea historia ya Ulaya ya Zama za Kati, halafu mwaka 1953 akaenda kwa Wakuba wa Kasai, Kongo. Huko alisikia tungo zilizofanana mno na maombolezo ya kale ya Ulaya aliyokuwa ameyachambua chuoni. Akajiuliza: kama yale yanakubaliwa kuwa ushahidi, haya yanakataliwa kwa kosa gani? Kitabu chake cha mwaka 1961 kilieleza utaratibu. Usimuulize mzee mmoja. Waulize wengi, wa koo tofauti. Linganisha. Simulizi zikigongana usiikimbilie iliyo tamu, bali tazama kila msimulizi anapata nini kwa kusimulia vile. Mtu aliyewahi kukaa katika kikao cha kugawana shamba la urithi anaujua utaratibu huo bila kufundishwa na profesa.

Sasa twende Cairo.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 28 Januari 1974 na kufungwa tarehe 3 Februari. Mada zilikuwa mbili: wakazi wa Misri ya kale walikuwa nani, na namna ya kuyasoma maandishi ya Meroe, ufalme uliostawi kusini, katika Sudan ya leo. Waliohudhuria hawakuwa watu wa kubahatisha. Jean Vercoutter, Mfaransa, aliwahi kuongoza idara ya mambo ya kale ya Sudan. Peter Shinnie alikuwa mchimbaji wa magofu ya Meroe yenyewe. Walikuwapo pia Jean Leclant, Serge Sauneron, Torgny Säve-Söderbergh wa Sweden, Abdelgadir Abdalla wa Sudan, na wenyeji wakiongozwa na Gamal Mokhtar, mkuu wa mambo ya kale ya Misri. Na walikuwapo wawili waliokuja na mafurushi ya hoja: Cheikh Anta Diop wa Senegal, aliyekuja kuiandika sura ile ya kwanza, na Théophile Obenga wa Kongo Brazzaville.

Diop alikuwa na miaka 50. Katika ujana wake mjini Paris alishindwa kupata jopo la kuitahini tasnifu yake kuhusu Misri ya kale, akaichapisha kuwa kitabu mwaka 1954, na shahada ya udaktari akaipata mwaka 1960 baada ya kuhangaika kwa miaka. Aliporudi Dakar alianzisha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni 14. Hakuwa mtu wa kuogopa meza iliyojaa mabingwa.

Dai lake lilikuwa zito: Wamisri wa kale walikuwa Waafrika weusi. Akaanza kutoa ushahidi mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amepima chembe za rangi katika ngozi ya maiti zilizokaushwa, zilizochimbuliwa na mwakiolojia Mariette na kuhifadhiwa Paris, akasema milimita chache za mraba zinatosha kwa kipimo hicho. Alileta Kemet, jina ambalo Wamisri waliiita nchi yao, lenye mzizi wa neno “nyeusi”. Akalinganisha lugha yao na Kiwolofu, lugha yake mwenyewe. Akamwita na Herodotus atoe ushahidi, kwa kuwa Mgiriki huyo aliwataja Wamisri kuwa watu wa ngozi nyeusi na nywele za kipilipili.

Hapa nina neno la pembeni. Herodotus naye alikuwa muulizaji. Alifika Misri karne ya tano kabla ya Kristo, akawauliza makuhani wa Memphis, na kwa kuwa hakujua lugha yao alitegemea wakalimani. Kwa hiyo mazungumzo ya zaidi ya miaka 2,400 nyuma, yaliyopitia kwanza mdomoni mwa mkalimani, yalikuwa yanajadiliwa upya umbali mfupi tu kutoka yalikofanyika.

Waliompinga hawakuwa na sauti moja. Wapo waliosema Kemet inahusu udongo mweusi unaoletwa na mafuriko ya Nile, si ngozi ya watu. Wapo waliosema bonde lile halikuwahi kufungwa, watu waliingia kutoka pande zote na kuchanganyika tangu mwanzo. Lakini Obenga aliposimama kueleza undugu wa lugha, baridi ilipungua. Sauneron alikiri kwamba viambishi vya nafsi ya tatu umoja vinavyofanana kati ya Kimisri cha kale na Kiwolofu haviwezi kuwa sadfa. Vercoutter akasema kwamba Misri, kwa maandishi yake, utamaduni wake na namna yake ya kufikiri, ilikuwa ya Kiafrika. Leclant alikuwa na mawazo ya karibu na hayo. Hawakumpa Diop yote aliyoyadai, ila walimpa zaidi ya ambayo vitabu vya shule vya wakati ule vilikuwa tayari kutoa.

Mwandishi wa ripoti aliandika jambo ambalo ningependa libandikwe katika kila ukumbi wa kongamano. Alisema si washiriki wote walikuwa wametayarisha mada zinazolingana na kazi ya uangalifu waliyoileta Diop na Obenga, na kwa sababu hiyo majadiliano hayakuwa na uwiano. Kwa lugha ya barazani: wawili walikuja wamejiandaa, baadhi ya wengine walikuja na vyeo.

Azimio mojawapo linasomeka kwa kicheko kidogo leo. Mkutano ulitaka vipatikane vigezo makini vya kisayansi vya kutambulisha rangi za watu kwa mifupa yao. Tangu hapo wanabaiolojia wengi wameliacha wazo hilo la kugawa binadamu katika makundi ya rangi, wakahamia kwenye vinasaba. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya maiti zilizokaushwa kutoka Abusir el-Meleq, ulioonyesha ukaribu mkubwa na watu wa Mashariki ya Karibu. Watu wakapiga kelele kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Maiti hizo zilitoka mahali pamoja, kaskazini, na nyingi ni za karne za mwisho, wakati Misri ilikuwa imekwisha kupokea wageni wengi. Wa kusini mwa nchi hawakuwamo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaujua moto wa swali hili, maana naye limemwunguza. Kwa miongo mingi aliambiwa kwamba Kilwa na miji mingine ya mawe ni kazi ya wageni. Waakiolojia wakaja kuonyesha kwamba miji hiyo ilikulia papo hapo, katika vijiji vya wenyeji. Mwaka 2023 vinasaba vya watu 80, wengi wao kutoka makaburi ya kale ya pwani, Manda, Mtwapa na Kilwa miongoni mwake, vilionyesha mchanganyiko: upande wa akina mama karibu wote Afrika, na upande wa baba sehemu kubwa Uajemi. Kila aliyekuwa amebisha alikuta kipande cha hoja yake humo, na kipande cha aibu yake.

Mada ya pili ya Cairo nimeipita mbio, na haki yake ni kubwa zaidi. Herufi za Meroe zilifumbuliwa na Mwingereza Francis Griffith mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo tunaweza kuyatamka maneno. Maana ya mengi bado imefungwa. Uchunguzi wa Claude Rilly umeisogeza lugha hiyo karibu na jamaa za Kinubi, na kazi inaendelea.

Sifa ninayompa Gamal Mokhtar haitajwi mara nyingi. Ndiye aliyehariri juzuu ya pili, na hakukubaliana na Diop. Utangulizi wake unaonyesha hivyo. Angeweza kumkabidhi mtu mwingine sura ya kwanza. Alimwachia Diop aiandike kwa sauti yake kamili, akaweka tanbihi, akaweka na kumbukumbu za ubishi. Mhariri wa aina hiyo ni nadra.

Mwanahabari Zeinab Badawi, mzaliwa wa Sudan, aliichukua Historia Kuu kuwa msingi wa vipindi vyake vya televisheni, akazunguka zaidi ya nchi 30 za Afrika akiwahoji wanahistoria katika nchi zao wenyewe, na mwaka 2024 akatoa kitabu kutokana na safari hizo. Sehemu za Historia Kuu zimetafsiriwa kwa Kiswahili pia.

Ukiikuta juzuu ya pili katika maktaba, usianzie ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho kilichofuata sura ya Diop, uwasikilize wakibishana, ndipo urudi mwanzo ukiwa umekwisha kuchagua upande wako. Utaubadilisha kabla ya kufika mwisho.