Shahidi Ukutani, Mgombea Jukwaani

Katika miaka ya 1970, familia za wafanyakazi mjini Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, zilitundika sebuleni picha ya mateso: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa viboko, afisa wa Kibelgiji anasimamia, bendera yake ikipepea. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wa waliozichora, mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Enzi iliyochorwa ilikuwa imekwisha, ila waliozinunua waliishi chini ya Rais Mobutu na dhuluma waliijua. Mbelgiji aliwawezesha kusema ya leo bila kumtaja mkubwa wa leo. Alipochora kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Tshibumba aliweka misalaba mitatu kwa nyuma. Kwa Wakatanga waliolelewa na wamisheni, hiyo ilikuwa hukumu kamili.

Rapa wa Tanzania, Professor Jay, alishika njia nyingine kabisa. Katika “Ndio Mzee”, wimbo wa albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, anayezungumza ni mgombea mwenyewe. Anamwaga ahadi, hata ya kuwapeleka wanafunzi mwezini kwa mafunzo ya vitendo, na umati unaitikia. Ukali wa wimbo umo katika kuitikia huko. Mbele ya picha ya Tshibumba tunakuwa mashahidi, na dhamiri zetu zinatulia upande wa aliyechapwa. Wimbo hautupi kimbilio hilo: kila anayeimba kiitikio ameingia mkutanoni, amekubali kudanganywa. Ndiyo maana nauona kuwa jasiri kuliko picha, ingawa mchoraji aliishi katika hatari kubwa zaidi.

Riwaya huenda polepole. Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi inasimulia watu walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa, ikiwasikiliza vijana wasomi na wazee wanaopinga, wala hakuna anayetoka bila doa. Ni kazi ya haki kuliko zote tatu, lakini humkuta msomaji akiwa peke yake, wakati picha ilitazamwa na ukoo mzima na wimbo ukasikika daladala nzima.

Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hatima yake haijulikani. Professor Jay alichaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na wapigakura wake wakawa tayari wanacho kipimo cha kumpimia: wimbo wake mwenyewe, ambao wengi wao waliujua kwa moyo.