Marejeleo ya Sura katika Vitabu vya Nairobi

Mahali pa kuweka marejeleo katika vitabu vya kitaaluma vya Nairobi pameamuliwa na mashine mara nyingi kuliko na wasomi. East African Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilichapisha mwaka 1967 kitabu cha mwanahistoria Bethwell Ogot kuhusu historia ya Waluo wa kusini, na mwaka uliofuata toleo la kwanza la Hadith, mkusanyo wa makala za mkutano wa Chama cha Historia cha Kenya. Kitabu cha mwandishi mmoja hutosheka na orodha moja mwishoni. Mkusanyo sivyo: kila sura ina mwenyewe, na kila mwandishi ana vyanzo vyake.

Vyanzo vyenyewe vilikuwa vigumu. Sehemu kubwa ya kazi ya Ogot ilitegemea masimulizi ya wazee, na hayo hayako katika rafu ya maktaba yoyote. Vyanzo vingine vilitoka katika majalada ya serikali ya kikoloni, ambayo leo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kwenye jengo la zamani la benki kando ya Moi Avenue. Jalada hutajwa kwa herufi DC au PC, yaani mkuu wa wilaya au wa mkoa, kisha kifupisho cha eneo, kisha tarakimu. Herufi moja ikikosewa, msomaji hufungua jalada la wilaya nyingine.

Enzi ya herufi za risasi, tanbihi ya chini ya ukurasa ilikuwa ghali: mstari mmoja ukiongezwa, kurasa zinazofuata huenda zikapangwa upya. Kuzikusanya tanbihi mwishoni mwa sura kulipunguza gharama. Taipureta nayo ilileta mazoea yake. Katika makala za Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, jina la kitabu lilipigiwa mstari kwa sababu mashine haikuwa na herufi za mlazo. Kutaja mwandishi na mwaka ndani ya matini kulimwokoa mpiga chapa, maana chanzo kipya kikiingia katikati ya tanbihi zenye nambari, zote za mbele yake hubadilika.

Adha hiyo ya nambari ndiyo iliyoondolewa na kompyuta. Donald Knuth alitoa TeX, programu ya kupanga chapa, mwaka 1978, Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake, na mwaka 1985 Oren Patashnik akaleta BibTeX, programu ya marejeleo. Mwandishi huandika taarifa za chanzo mara moja tu na kukipa ufunguo. Ndani ya matini huandika ufunguo huo, nambari ikajipanga yenyewe. Lakini BibTeX ilikusudiwa orodha moja kwa kitabu kizima. Kifurushi cha chapterbib cha Donald Arseneau kiliwezesha kila sura kuwa na orodha yake, mradi kila sura iwe faili peke yake na BibTeX iendeshwe kwa kila faili. Sura iliyosahauliwa hujaa alama za kuuliza mahali pa nambari. Biblatex ya Philipp Lehman, iliyoanza mwaka 2006, ilirahisisha kazi: sura hutangazwa kuwa sehemu ya marejeleo, nambari zikaanza upya.

Kilichobaki kigumu ni majina ya watu. BibTeX ilibuniwa kwa majina ya Kizungu, na neno dogo lenye herufi ndogo hulichukua kama “von” ya Kijerumani. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye vitabu vyake vimetolewa na wachapishaji wa Nairobi, East African Educational Publishers, hugeuka kuwa mtu wa ukoo wa “wa Thiong'o” na kuangukia chini ya W. Atieno Odhiambo, mwanahistoria, huandikwa pengine kwa kistari, pengine bila, naye huonekana kama watu wawili katika orodha moja. Hapo programu haina msaada. Mhariri lazima aamue. Kwa Ngũgĩ dawa ni kulizungushia jina zima jozi mbili za mabano ya mawimbi. Biber, programu inayotumiwa na biblatex, husoma ũ na ĩ jinsi zilivyo, na jina hukaa chini ya N, kama lilivyo katika katalogi za maktaba.