Kujifunza kutambua kuwa unaota: namna ya kutokata tamaa

Msikilizaji, huenda imewahi kukutokea. Unaota unakimbizwa na nyoka kwenye shamba la mikorosho, mara unajiambia, "Kumbe hii ni ndoto tu!" Hapo ukazinduka, au ukaendelea kuota huku ukijua. Hali hiyo ya kujua kuwa unaota wakati bado umelala ndiyo tunayoiita katika makala hii ndoto ya kujitambua.

Si jambo la nadra. Mwaka 2016 watafiti waliojumlisha tafiti za miaka 50 walikuta kuwa takriban watu 55 katika kila 100 wamewahi kuota hivyo angalau mara moja. Wapo wanaotaka kujifunza kuipata kwa kukusudia, ili washinde ndoto ya kutisha inayojirudia, au kwa raha tu ya kuruka juu ya bahari bila mashua. Wengi huanza kwa ari kubwa, kisha huacha mapema. Leo tunaeleza kwa nini, na jinsi ya kuendelea bila kuharibu usingizi.

Inawezekana kweli?

Ndiyo. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, misuli ya mwili hulegea kabisa, na ndoto nyingi zilizo wazi hutokea. Kipindi hicho ni kifupi mwanzoni mwa usiku na hurefuka kuelekea alfajiri.

Mwaka 1975, Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alikubaliana na Alan Worsley kwamba akijua anaota achezeshe macho kushoto na kulia. Mashine zilinasa ishara hiyo huku zikionyesha kuwa bado amelala. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata matokeo kama hayo, akatunga na mbinu ya mazoezi.

Mazoezi matatu

Kwanza, kumbuka ndoto zako. Ukiamka, usikurupuke. Tulia kama ulivyolala, vuta kumbukumbu, kisha andika kwenye daftari au jirekodi kwa sauti kwenye simu. Hata maneno mawili yanatosha: "bandarini, marehemu babu".

Pili, jiulize mchana, "Je, naota?" Usijibu haraka, jipime. Soma ujumbe kwenye simu, tazama pembeni, kisha usome tena. Katika ndoto maandishi mara nyingi hubadilika. Au ziba pua kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi. Ukiweza kuvuta, unaota. Ukizoea mchana, siku moja utajiuliza usiku.

Tatu, weka nia unaporudi kulala. Hii ndiyo mbinu ya LaBerge. Ukiamka usiku wa manane au alfajiri, kumbuka ndoto uliyotoka kuiota, jiambie, "Nikiota tena, nitakumbuka kuwa naota," na ujione ukiwa ndani ya ndoto hiyo ukitambua.

Kwa nini watu hukata tamaa

Sababu ya kwanza ni matarajio. Wengi hudhani usiku wa tatu au wa nne watakuwa tayari wanaruka angani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, watu waliochanganya kujipima mchana, kuamka usiku na kuweka nia kwa wiki moja walifanikiwa kwa asilimia 17, yaani takriban jaribio moja kati ya sita. Kwa hiyo usiku mwingi hauleti kitu hata kwa anayefanya kila kitu sawasawa. Usiku mtupu si dalili kwamba huwezi.

Sababu ya pili ni kupima kitu kisichofaa. Ukihesabu ndoto za kujitambua pekee, utaandika sifuri nyingi. Hesabu ndoto ulizozikumbuka. Ukitoka ndoto moja kwa wiki ukafika nne, umepiga hatua, hata kama bado hujajitambua. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Sababu ya tatu ni uchovu. Mmoja wetu hapa studio alitega kengele ya saa tisa usiku kila siku. Wiki ya pili alikuwa akisinzia mbele ya maikrofoni, akaacha kabisa. Kosa halikuwa uvivu, bali alidai mwili wake kuliko uwezo wake.

Usiongeze kazi mpya usiku, tumia ratiba uliyonayo. Pwani yetu wengi huamka kwa adhana ya alfajiri. Siku usiyo na haraka, ukijinyoosha tena baada ya sala, huo ndio wakati mzuri wa kuweka nia. Katika utafiti huohuo wa Adelaide, waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifanikiwa karibu nusu ya majaribio. Usingizi mzuri ni sehemu ya mbinu yenyewe.

Ukikabwa na jinamizi

Baadhi ya wanaojizoeza huzinduka huku mwili haujitikisi na kifua kizito. Akili imeamka kabla misuli haijafunguka. Hofu ya Popobawa ilipoanzia Pemba mwaka 1995 na kuenea Unguja, baadhi ya watu walisimulia hali kama hiyo, na wapo watafiti waliozihusisha simulizi hizo na jinamizi. Hali hii hupita yenyewe, kwa kawaida baada ya muda mfupi. Pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole kimoja. Ikikurudia mara kwa mara, simamisha mazoezi.

Wakati wa kupumzika

Mkulima wa Mitwero aliye katikati ya msimu wa korosho, mvuvi anayelala saa nne tu, dereva wa bodaboda: hawa walale kwanza. Usingizi pungufu huleta ajali. Mtu mwenye maradhi ya akili, au anayechanganya ndoto na mambo ya kweli, asijaribu bila kuongea na mhudumu wa afya. Na mtu yeyote akikuuzia dawa ya kutawala ndoto, tunza fedha zako. Daftari na subira vinatosha.

Kupumzika wiki mbili si kushindwa. Daftari litakusubiri. Ukirudi, anza na lile zoezi dogo: leo usiku weka kalamu karibu na mto, na kesho asubuhi andika chochote utakachokumbuka.