Swali la Msomaji wa Kawaida: Neno "Muiritu" katika Agano Jipya la Kigikuyu

Historia ya tafsiri za Biblia katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kwa kufuata majina ya wafasiri na miaka ya kuchapishwa. Hutajwa Krapf, aliyeanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili cha Mombasa mwaka 1844. Hutajwa Steere wa Unguja. Hutajwa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Msomaji wa kawaida, ambaye kazi yote hiyo ilifanywa kwa ajili yake, hatajwi ila kwa nadra. Ilhali msomaji huyo ndiye akwamaye penye aya ngumu, na swali aulizalo hapo ni ushahidi mkubwa wa lugha. Makala haya yanachunguza swali moja la namna hiyo, lililoulizwa na Wagikuyu katika mzozo wa mwaka 1929, ili kuonyesha kwamba ugumu wa aya waweza kuzaliwa, si na ujinga wa msomaji, bali na maana ya neno alilopewa.

Agano Jipya la Kigikuyu lilichapishwa mwaka 1926. Kabla ya hapo mafundisho mengi yalipita katika kinywa cha mmisionari au cha mwalimu wa misheni. Wakristo wa kwanza wa Kigikuyu waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kuongoka na kujua kusoma lilikuwa jambo moja. Kwa hiyo kitabu kilipotoka kwa lugha ya mama, athomi walifanya kile hasa walichofundishwa kufanya: walisoma. Nao walisoma kwa Kigikuyu, ambacho maneno yake waliyajua kwa undani kuliko waliowaletea kitabu.

Katika Injili za Mathayo na Luka, mama yake Yesu aliitwa muiritu. Mfasiri alikusudia kusema kwamba alikuwa bikira. Lakini katika Kigikuyu neno muiritu halikuhusu hali ya mwili peke yake. Lilikuwa jina la daraja katika jamii. Mtoto wa kike ambaye hajapitia irua, yaani tohara, aliitwa kirigu. Baada ya irua aliitwa muiritu, na hapo ndipo alipoweza kuposwa. Mfasiri hakuwa na neno la tatu, kwa kuwa jamii yenyewe haikuwa na daraja la tatu. Kumwita Mariamu kirigu kungekuwa kumshusha awe mtoto asiyeposeka, na Injili yasema wazi kwamba alikuwa ameposwa na Yusufu. Alichagua muiritu, na kwa kanuni za lugha alichagua sawasawa. Lakini pamoja na neno hilo aliingiza Kitabuni, bila kukusudia, desturi ambayo misheni ilikuwa ikiipiga vita.

Neno la pili liliongeza uzito wa swali. Nyaraka za Paulo zazungumzia tohara mara nyingi, nazo zakusudia tohara ya wanaume, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa desturi ya Wayahudi. Katika Kigikuyu irua ni neno moja kwa mvulana na kwa msichana. Mahali ambapo Myahudi aliona jambo la wanaume tu, Mgikuyu aliona jambo la vijana wote. Zaidi ya hayo, wamisionari waliikubali tohara ya wavulana na kuikataza ya wasichana, ingawa neno lililosomwa katika nyaraka halikuonyesha tofauti hiyo. Hivyo swali likawa: ni wapi katika Kitabu palipoandikwa katazo hili? Na ikiwa Mariamu mwenyewe alikuwa muiritu, dhambi ya airitu wetu ni ipi?

Swali hilo halikupata jibu la aina yake. Mwaka 1929 baadhi ya misheni za Kiprotestanti ziliwataka waumini kuikana tohara ya wasichana kwa kiapo. Aliyekubali alitia alama ya kidole gumba, na alama hiyo, kirore, ikawa jina la watu wa upande huo. Katika misheni ya Kiskoti, iliyoongozwa na Dkt. John Arthur, kiapo hicho kilihusu pia kujitenga na chama cha KCA. Arthur alikuwa tabibu, na hoja yake kubwa ilikuwa ya kitabibu: madhara anayoyapata mwanamke, hasa wakati wa kujifungua. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini waumini waliuliza kwa Kitabu, nao wakajibiwa kwa hospitali. Ni vema kukumbuka kisa cha towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume. Yeye naye alikuwa akisoma asichokielewa, na Filipo alipanda garini, akaketi naye, akaanzia aya ile ile aliyokuwa akiisoma.

Matokeo yajulikana. Waumini wengi walitoka katika misheni. Waliokataa kutia kidole waliitwa aregi au karing'a, na katika miaka ya 1930 walijenga shule na makanisa yao wenyewe. Mwaka 1935 walimpokea Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, aje kuwafunza makasisi wao. Chuo cha walimu cha Githunguri kilifunguliwa mwaka 1939. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo. Haifai kudai kwamba neno moja ndilo lililozaa haya yote; ardhi, kodi na siasa vilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini neno hilo liliwapa wasomaji uwezo wa kuondoka misheni bila kukiacha Kitabu.

Yafaa kulinganisha na Kiswahili. Biblia ya Muungano hutumia bikira, neno lenye asili ya Kiarabu linalotaja hali ya mwili na kuiacha desturi kando. Kiswahili kina pia mwali, na neno hilo lingemleta msomaji moja kwa moja kwenye unyago na kungwi. Kwa kuwa pwani ilikuwa na akiba ya maneno ya dini ya Kiislamu, mfasiri wa Kiswahili alipata njia ambayo mwenzake wa Kigikuyu hakuipata. Wala ugumu huu si wa Kiafrika peke yake. Katika Isaya 7:14, Kiebrania chasema alma, yaani msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Wafasiri wa Kiyunani waliandika parthenos, yaani bikira, na Mathayo akawafuata. Huko Marekani, tafsiri mpya ya Kiingereza ilipoandika "mwanamke kijana" mahali hapo mwaka 1952, kulikuwa na mhubiri aliyeuchoma moto ukurasa huo hadharani.

Kusema kwamba hoja ya athomi ilikuwa imara kilugha si kuitetea desturi yenyewe. Madhara ya ukeketaji yamethibitishwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Tena, katika mabishano yale ya 1929, walionena zaidi walikuwa wanaume wa pande zote mbili. Airitu, ambao miili yao ndiyo iliyobishaniwa, sauti zao hazisikiki sana katika kumbukumbu zilizoachwa.

Kwa wanafunzi wa lugha, funzo ni hili. Msomaji anapouliza swali juu ya aya ngumu, jambo la kwanza si kuipima imani yake bali kulipima neno lililo mbele yake: lina maana gani kwake, na limebeba desturi gani. Maswali kama hayo yangali yakiulizwa makanisani na majumbani katika lugha zetu zote, na mengi hupotea bila kuandikwa. Kamati ya wafasiri inayoyakusanya hupata kamusi ambayo haipatikani dukani. Isiyoyakusanya huyasikia baadaye, yakiwa yamekwisha kuwa mafarakano.