Forester yenye turbo: Ikague injini ikiwa baridi kabla ya kutoa pesa

IWAPO unanuia kununua Subaru Forester XT iliyokwisha kutumika, fahamu mapema kwamba hulinunui gari la kawaida la familia. Injini yake imeongezewa turbo, kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya silinda ili petroli iungue kwa nguvu zaidi. Katika mji kama Nairobi, ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, tofauti yake na Forester isiyo na turbo huonekana mara tu unapokabili mlima wa Limuru.

XT zinazouzwa nchini ni za vizazi vitatu hasa. Cha SG kilianza mwaka wa 2002, na XT yake ya Japan hutoa nguvu za farasi 220. Cha SH kilichofuata hutoa 230. Injini za vizazi hivyo ni za jamii ya EJ. Cha SJ, kilichotengenezwa hadi 2018, kina injini ya FA20 yenye nguvu za farasi 280. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, XT utakayoonyeshwa leo aghalabu imekwisha kupitia mikono ya mwenyewe mwingine humu nchini, na pengine kijana aliyependa mlio wa egzosi kuliko kubadilisha oili.

Anza kwa kumwomba muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine, kwa maana maradhi mengi ya EJ hujificha injini ikishapashwa. Iwashe ukisikiliza. Mgongo hafifu unaotoweka baada ya dakika chache kwa kawaida ni pistoni zinazochezacheza kabla ya kutanuka, nao si wa kutisha sana. Lakini mgongo unaozidi jinsi oili inavyopata joto na kuwa nyepesi huashiria beringi za mikono ya pistoni. Hapo aga kwa heshima uondoke, kwani ukarabati wake unaweza kumeza akiba ya miaka.

Chanzo cha maradhi hayo mara nyingi ni oili. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno ikitegemea oili hiyo hiyo ya injini, na katika injini nyingi za EJ kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya mrija unaoipeleka huko. Oili ikichakaa, kichujio huziba, turbo ikakauka na kuvunjika, na vipande vyake vikaingia ndani ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia: oili pungufu kwa gari linalouzwa ni aibu ya muuzaji. Moshi wa samawati unapokanyaga mafuta baada ya kuliacha gari lingurume palepale pia ni ishara mbaya.

Kasha la maji nalo lisisahaulike. Viputo vinavyopanda bila kukoma, au joto linalopanda mlimani, huonyesha gasketi ya silinda imeanza kuvuja. Mkanda wa taimingi wa EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Dai risiti, wala usitosheke na maneno. FA20 hutumia mnyororo, ila huleta masizi kwenye vali za kuingizia hewa, na gia zake za CVT zisipobadilishiwa mafuta huweza kuleta mtetemo kwa mwendo wa pole.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni petroli. Injini hizi zilisanifiwa kwa petroli ya Japan yenye okteni ya juu kuliko Super yetu ya kawaida. Okteni ikiwa chini, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja kingo za pistoni, hasa fundi akiwa amechezea kompyuta ya gari kuongeza msukumo wa turbo. Binafsi, ningelipia zaidi XT ambayo haijaguswa kuliko iliyopambwa.

Kisha zungusha usukani hadi mwisho na uliendeshe gari polepole kwenye duara. Likishikashika, huenda klachi ya kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma imechakaa, au matairi manne hayalingani. Aidha, baadhi ya Forester zina shokabsoba za nyuma zinazojisawazisha, ambazo ni ghali. Wengi huweka za kawaida zikiharibika.

Mwisho, mpe fundi wako, wala si wa dalali, apime mgandamizo wa silinda zote nne, kisha alinganishe nambari ya injini na iliyo kwenye hati ya umiliki. XT nyingi zimebadilishwa injini. Nambari zikitofautiana, muuzaji ndiye anayepaswa kurekebisha rekodi katika NTSA kabla hujamlipa.