Deni la Old Trafford: Ugomvi wa Washabiki na Wenye Klabu

Katika lugha yetu mtu anayedai huitwa mwia, na yule anayedaiwa huitwa mwiwa. Ni herufi moja tu inayowatenga wawili hawa, na wanafunzi wetu huwachanganya kila mwaka. Tumeona yafaa kuanza na maneno hayo kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza hapa ni ya mtu aliyekopa fedha ili anunue kitu, kisha akakitwika deni lile kitu chenyewe alichokinunua. Kitu hicho ni klabu ya mpira wa miguu ya Manchester United ya Uingereza, ambayo jina lake hutajwa katika vibanda vya televisheni vya Kampala, Bujumbura na Bukavu kana kwamba ni klabu ya mtaa wa pili. Wanafunzi wetu huwajua wachezaji wake kwa majina na kwa namba za jezi. Walakini ni wachache wajuao kwamba tangu mwaka 2005 washabiki wa klabu hiyo, wale wanaokaa jirani na uwanja wenyewe, wamekuwa katika ugomvi mkubwa na wenye klabu, na kwamba ugomvi huo haukuanza kwa kufungwa magoli. Ulianza wakati klabu ilipokuwa na nguvu na mali.

Hapana budi turudi nyuma kidogo. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli katika karakana ya mabehewa ya Newton Heath, mashariki mwa mji wa Manchester, nayo ikaitwa Newton Heath. Jezi zao zilikuwa za kijani na dhahabu. Haikudumu katika hali njema. Mwezi wa Januari 1902, ikiwa na madeni ya pauni 2,670, iliamriwa ifungwe. Aliyeiokoa kwanza ni nahodha wake, Harry Stafford, aliyewapata matajiri wanne wa mji, kila mmoja akatoa pauni 500. Mkubwa wao alikuwa John Henry Davies, mwenye kiwanda cha pombe. Masimulizi ya Manchester husema kwamba watu hawa wawili walikutanishwa na mbwa wa Stafford aliyepotea katika tamasha la kuchangisha fedha, akaangukia mikononi mwa Davies. Kweli au si kweli, hadithi hiyo hupendwa sana huko. Mwezi wa Aprili mwaka huo klabu ikapewa jina la Manchester United na rangi mpya nyekundu, na mwaka 1910 ikahamia uwanja wa Old Trafford uliojengwa kwa fedha za Davies. Shida ilirudi mwaka 1931, na mfanyabiashara mwingine, James Gibson, akatoa pauni 2,000 wakati wa Krismasi ili wachezaji wapate mishahara yao.

Msomaji ashike jambo hili, kwa maana litatufaa mbele: kwa miaka mingi tajiri wa klabu alikuwa mtu anayeingiza fedha. Si kwamba matajiri wa zamani walikuwa malaika. Walipenda sifa, na mwenye kiwanda cha pombe hakuchukia kuuza pombe yake kwa watu waliokuja uwanjani. Lakini Chama cha Mpira cha Uingereza kilikuwa na kanuni, iliyojulikana kama Kanuni ya 34, iliyoweka mpaka katika gawio ambalo wenye hisa wangeweza kulipwa. Kwa hiyo mtu aliyetafuta faida kubwa alijua kwamba mahali pake si klabu ya mpira.

Kanuni hiyo ilipata mwanya. Mwaka 1983 Tottenham Hotspur ya London ilikuwa klabu ya kwanza kuuza hisa zake katika soko la hisa, kwa njia rahisi: iliundwa kampuni mama juu ya klabu, na kampuni hiyo haikufungwa na kanuni za mpira. Manchester United ikafuata mwaka 1991. Washabiki wengi walinunua hisa chache chache, wengine kama ukumbusho tu. Hawakufikiri sana kwamba kitu kiwekwacho sokoni chaweza kununuliwa na yeyote.

Onyo lilikuja mwaka 1998. Kampuni ya televisheni ya BSkyB, ambayo Rupert Murdoch alikuwa na sauti kubwa ndani yake, ilitaka kuinunua klabu kwa pauni milioni 623. Washabiki walijipanga upesi. Chama chao huru kilichoundwa mwaka 1995 kilishirikiana na kikundi kipya cha washabiki wenye hisa. Hawakutosheka na kupiga kelele uwanjani: waliandika hoja, wakawaendea wabunge, wakaeleza mbele ya tume ya serikali kwa nini si haki mwenye televisheni awe pia mwenye klabu ambayo mechi zake huuzwa kwa televisheni. Mwezi wa Aprili 1999 serikali ikaukataza ununuzi huo. Twaona huu ndio ushindi wao mkubwa kuliko yote, ijapokuwa wasimuliaji wengi huupita haraka ili wafike kwenye vurugu za baadaye.

Ndipo akaja Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani aliyekuwa na timu ya mpira wa Kimarekani huko Tampa, Florida. Alianza kununua hisa mwaka 2003, kidogo kidogo. Wakati huo fungu kubwa kuliko yote lilikuwa mikononi mwa Wairlandi wawili, John Magnier na J. P. McManus, watu wa farasi wa mashindano. Magnier alikuwa amegombana na meneja wa timu, Alex Ferguson, juu ya mapato ya farasi mmoja mashuhuri aitwaye Rock of Gibraltar, na shauri hilo likamalizwa nje ya mahakama mwaka 2004. Hatusemi kwamba farasi ndiye aliyeiuza klabu. Watu hao walikuwa wafanyabiashara na bei ilikuwa nzuri. Lakini tarehe 12 Mei 2005 waliuza fungu lao lote, zaidi ya robo ya hisa za klabu, na siku chache baadaye Glazer alivuka asilimia 75. Kiwango hicho kilimpa uwezo wa kuiondoa klabu katika soko la hisa na kupanga fedha zake apendavyo. Alipokaribia hisa zote, sheria ilimruhusu kuwalazimisha waliobaki wamwuzie kwa bei ileile ya pauni 3 kwa hisa. Hata mshabiki aliyekuwa na hisa moja na akaapa kutoiuza, iliuzwa.

Klabu ilithaminiwa pauni milioni 790 hivi. Zaidi ya milioni 500 kati ya hizo zilikopwa, na sehemu kubwa ya mkopo iliwekewa mali ya klabu kuwa rehani. Yafaa tulieleze jambo hili kwa mfano, kwa sababu wanafunzi huuliza na jibu la wanauchumi huwachosha. Mtu hana fedha za kutosha kumnunua ng'ombe wa jirani. Anakwenda kwa mwia, anamwambia, "Nikopeshe, na ng'ombe huyohuyo atakuwa rehani." Anakopeshwa, anamnunua. Tangu siku hiyo maziwa ya ng'ombe hulipa riba, na ng'ombe akikonda hasara ni ya ng'ombe. Mwenye zizi la zamani hakuwa na deni lolote la maana. Ng'ombe amelipata kwa sababu ya kununuliwa. Njia hii ni halali katika sheria za Uingereza, na makampuni mengi yamenunuliwa hivyo. Swali la washabiki lilikuwa kama klabu ni kampuni ya namna hiyo.

Mwishoni mwa Juni 2005 wana wa Glazer walipofika Old Trafford, umati ulizunguka uwanja hata ikabidi polisi wawatoe kwa magari yao. Wengine, badala ya kupiga kelele, waliondoka. Walifanya mikutano mjini Manchester, wakaanzisha klabu yao wenyewe, FC United of Manchester, ambamo kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa pauni nyingi au chache. Walianza katika daraja la kumi la mpira wa Uingereza, wakitumia uwanja wa kukodi wa Gigg Lane katika mji wa Bury. Mwezi wa Aprili 2006 watu 6,023 walikwenda kutazama mechi moja ya daraja hilo. Walipanda daraja miaka mitatu mfululizo, na mwaka 2015 wakafungua uwanja wao wa Broadhurst Park huko Moston, karibu pauni milioni 2 zikiwa zimetolewa na wanachama na wapenzi kwa kununua hisa za jumuiya. Nako hakukukosa magomvi: mwaka 2016 wanachama waligombana vikali na viongozi wao, na wengi katika uongozi wakajiuzulu. Kura moja kwa kila mtu haiondoi ugomvi, ila humpa kila mtu mahali pa kuusemea. Bury nayo, iliyowapangisha uwanja, klabu ya tangu 1885, ilifukuzwa katika ligi mwezi wa Agosti 2019 kwa sababu ya fedha.

Waliobaki Old Trafford waliwaita walioondoka wasaliti, na walioondoka wakawaita wenzao wateja. Tunalisikitikia jambo hili, kwani maneno hayo mawili yaliwagawa ndugu na marafiki. Katika redio za Afrika Mashariki watangazaji huwataja "wanachama, wapenzi na washabiki" kwa pumzi moja, nao si watu wa hali moja: mwanachama ana kura, mpenzi ana moyo, mshabiki ana sauti. Mteja ana fedha tu, na akikosa kuridhika huenda duka jingine. Ndiyo maana katika mfumo wa hisa wa Simba ya Dar es Salaam, ambao wanachama waliukubali mwaka 2017, asilimia 51 ilikuja kuwekewa wanachama. Wajerumani walikuwa wameweka kanuni ya namna hiyo kwa klabu zao mwaka 1998.

Ilikuwa vigumu kuudumisha ugomvi, kwa kuwa timu ilishinda. Ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2007, 2008 na 2009, na kombe la Ulaya huko Moscow mwaka 2008. Wenye klabu walijitetea kwamba mapato yameongezeka, uwanja umepanuliwa na makombe yamejaa kabatini. Nayo yalikuwa kweli. Lakini bei za tikiti zilipanda, na wenye tikiti za msimu walilazimishwa kununua na za mechi za vikombe. Mwaka 2009 Cristiano Ronaldo aliuzwa Real Madrid kwa pauni milioni 80, na watu wakauliza zimekwenda wapi.

Jibu lilikuja Januari 2010, klabu ilipotangaza kuuza hatifungani za pauni milioni 500 ili kulipa mikopo ya mabenki. Aombaye fedha hadharani hana budi kufungua daftari zake. Ikajulikana kwamba deni lote lilikuwa zaidi ya pauni milioni 700, na kwamba sehemu yake ilitozwa riba ya asilimia 14.25 kwa mwaka. Hapo washabiki wakavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath. Old Trafford, uwanja wa wekundu, ukageuka kijani nusu nzima. Mwezi wa Machi David Beckham, aliyekuja na AC Milan, aliokota skafu moja baada ya mechi akaivaa shingoni, na picha hiyo ikaenea duniani. Hatujui kama waliovaa walilitafakari hili, lakini rangi walizozichagua zilikuwa za klabu iliyouawa na deni. Kundi la matajiri wapenzi wa klabu, lililojiita Red Knights, lilijaribu kuinunua mwaka huohuo, likaacha kabla ya kutoa bei.

Huko Liverpool mambo yaliishia tofauti. Tom Hicks na George Gillett waliinunua klabu hiyo mwaka 2007 wakiahidi hawatafuata njia ya Glazer, kisha mkopo wao ukailemea klabu vilevile. Mapema mwaka 2008 washabiki waliunda chama chao, Spirit of Shankly, katika baa ya Sandon, ambako klabu yenyewe inahusishwa na kuzaliwa kwake mwaka 1892. Waliandamana, na pia waliwaandikia wenye makampuni ya fedha kuwaonya wasiwakopeshe tena wawili hao. Deni lilipofikia siku yake, Oktoba 2010, hakupatikana wa kuwaokoa, na baada ya mvutano mahakamani klabu iliuzwa kwa pauni milioni 300. Kwa maoni yetu aliyewang'oa ni mwia; washabiki walimzibia mwiwa milango ya kukimbilia.

Wana wa Glazer walikuwa wajanja zaidi. Mwaka 2012 waliuza baadhi ya hisa New York, wakabaki na zile zenye kura nyingi. Baba yao alifariki mwaka 2014. Mwezi wa Aprili 2021 klabu ilijiunga na nyingine 11 kutangaza ligi yao ya pekee ya Ulaya, mpango uliovunjika kwa siku chache, na tarehe 2 Mei washabiki waliingia Old Trafford kwa nguvu hata mechi na Liverpool ikaahirishwa. Ligi Kuu imeweka mipaka ya kununua klabu kwa mikopo, na mwaka 2025 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa mpira.

Mwezi wa Februari 2024 Jim Ratcliffe, tajiri aliyezaliwa jirani na Manchester, alinunua zaidi ya robo ya hisa. Deni la tangu 2005 halikulipwa kwa ununuzi huo. Machi 2025, kabla ya mechi na Arsenal, maelfu ya washabiki waliandamana tena hadi Old Trafford. Safari hii waliombwa wasivae kijani na dhahabu, wakavaa nguo nyeusi.